Mpimaji wa Maziwa ya Agnella

Shambani, ng'ambo ya Mofu
14 Machi 2023

Kwa Mama Muhammad, Ifakara.

Salamu zangu zikufikie wewe na mzee Tamimu. Mimi sijambo, palizi tu ndiyo imenishika, maji yamefika magotini na magugu hayana habari na umri wangu. Hatujawahi kuonana. Mimi ni mama yake Verediana, huyo mwalimu aliyepanga chumba hapo kwenu, na ni bibi wa Agnella, mtoto unayebaki naye mchana mama yake akiwa shuleni Kisawasawa. Kwa hilo nakushukuru kutoka moyoni, usije ukasema nimeanza barua kwa ugomvi.

Ila ugomvi upo. Fulgensi, huyu mchuuzi wa samaki aliyekuletea barua hii, ameniambia jambo jana nikashindwa kumaliza ugali. Anasema alisimama dukani kwenu akakuona umefungua friji, ukatoa chupa ya mtoto katikati ya soda, ukaifuta kwa kanga ukampa mjukuu wangu hivyo hivyo. Ya baridi! Mama Muhammad, huyo ni mtoto mchanga, si abiria aliyeshuka kwenye basi la Dar.

Verediana anayakamua maziwa hayo alfajiri, na yanatoka mwilini mwake yakiwa na joto lake. Mtoto anatakiwa ayakute vile vile. Baridi ikishaingia kwenye tumbo la mtoto haitoki, inakuja kuonekana ukubwani. Tafadhali pasha. Bakuli la maji ya moto, chupa ndani, basi. Hata kuni hazihitajiki nyingi.

Huku mtandao hakuna, simu yangu nimeifunga kwenye mfuko mmoja na mbegu. Ukiwa na jibu mpe Fulgensi.

Ni mimi,
Levina (Mama Verediana)


Ifakara
18 Machi 2023

Mama Verediana,

Salamu zako nimezipata, na ugomvi wako nimeupata pia, haukumwagika njiani. Sisi wazima, na mjukuu wako mzima, hapa ninapoandika amelala mkekani miguu juu.

Usidhani nilijiamulia tu. Kabla Verediana hajarudi kazini tulikwenda wote kliniki. Nesi Yunis akatuambia kwamba maziwa yakiwa safi na yametunzwa vizuri, si lazima kuyapasha. Mtoto anaweza kuyanywa ya baridi au ya vuguvugu, ni mazoea tu. Nilimuuliza tena na tena, maana na mimi nilikuwa na mawazo kama yako, mpaka Verediana akanikanyaga mguu. Na Agnella anakunywa! Ananishika kidole, anamaliza chupa, halafu ananicheka.

Tena usinione mwanamke wa duka nikakosa thamani. Wanangu nimewalea kwa mikono hii, na ndiyo hiyo inayopika chapati na vitumbua vya dukani kila asubuhi. Mzee Tamimu kazi yake ni kukaa kwenye kiti nyuma ya mizani na kusema "karibu". Tangu anioe sijamwona ameinua sufuria, hata la maji. Kwa hiyo mtoto yuko na mimi, na mimi kazi naijua.

Mwambie Fulgensi alete samaki, habari aziache huko huko.

Wako,
Asmahani (Mama Muhammad)


Shambani
23 Machi 2023

Mama Muhammad,

Huyo nesi Yunis ana watoto wangapi?

Nimecheka kidogo kwenye barua yako, sikufichi, hapo kwa mzee na mizani. Lakini ngoja nikueleze kwa nini nakusumbua. Verediana ana mdogo wake, Omega. Alipokuwa mchanga nilimwacha kwa shangazi yake nikaja huku huku shambani, maana mpunga ukiota hausubiri mtu. Shangazi akawa anampa maji ya mtungini, ya baridi, kila akilia. Niliporudi nilimkuta mtoto amekunjamana, tumbo gumu, na aliendelea kuumwa tumbo mpaka alipoanza shule. Huenda haikuwa baridi. Mimi sina njia ya kujua. Lakini kila nikiinama kung'oa magugu naliona lile tumbo.

Wewe ndiye uliye na mtoto. Siwezi kukushika mkono kutoka huku. Nimesema yangu.

Levina


Ifakara
31 Machi 2023

Mama, shikamoo.

Sisi hatujambo, shule inaendelea vizuri. Agnella anaendelea vizuri pia, anakunywa vizuri, halii. Baba yake, Beno, alipiga simu kutoka Mlimba, kazi yake inaendelea vizuri na anakusalimu. Usiwe na wasiwasi wowote na usiache palizi kwa ajili yetu. Kila kitu ni kizuri.

Mwanao,
Verediana


Ifakara
31 Machi 2023

Mama Verediana,

Fulgensi anakuletea barua mbili leo, yangu na ya mwanao. Sijaisoma ya kwake lakini najua imeandikwa nini, maana ameiandika mezani kwangu huku machozi yanamtoka. Kama anasema mambo ni mazuri, si kweli. Naomba asijue kuwa nimekwambia.

Agnella anakataa chupa, na tatizo limeanzia mikononi mwangu. Barua yako ya Omega iliniingia. Sikutaka kukubali mbele yako, lakini siku ile ile nilianza kupasha maziwa. Nadhani nilichelewa, baridi ilikuwa imekwisha kumwingia, kama ulivyosema. Nikimwekea chupa mdomoni anageuza uso na kupiga yowe ambalo hata wateja wanaingia ndani kuuliza. Nikaona basi hayajapata moto wa kutosha, nikaongeza. Ndiyo kwanza akazidi. Sasa akiiona chupa tu inatoka jikoni anaanza kulia.

Imebidi Verediana awe anatoroka shuleni mchana, anapanda gari kutoka Kisawasawa kuja kumnyonyesha na kurudi. Mwalimu mkuu ameshamwita ofisini. Mwanao ni wa mkataba, unajua mwenyewe, mkuu akisema hapana leo, kesho kiti kina mtu mwingine. Jana usiku alisema ataacha kazi. Alisema kwa sauti ndogo sana.

Ramadhani imetukuta katika hali hii. Nafunga, na ninaomba dua moja tu.

Asmahani


Shambani
4 Aprili 2023

Mama Muhammad,

Asante kwa kuniambia ukweli. Mwanangu ameandika "vizuri" mpaka neno limechakaa. Ningejua tu hata bila barua yako.

Sikulaumu. Ulipoamua kupasha ulikuwa unamtakia heri. Lakini mtoto akishaingiwa na baridi anataka joto la kweli, tena la mfululizo, si la kubahatisha. Pasha vizuri, halafu onja kwa ulimi wako mwenyewe kabla hujampa.

Pasaka nakuja Ifakara. Palizi nitamwachia jirani yangu Agnella, yule tuliyempa mtoto jina lake, ingawa ndege wameshaanza kuuzunguka mpunga uliotangulia na itabidi nirudi kukaa dunguni kuwafukuza. Nikikuta mtoto anakunywa, nitakula Pasaka na nitaondoka kimya. Nikikuta bado anakataa, nawachukua wote wawili, yeye na mama yake, waje wakae na mimi huku mpaka mavuno. Kazi ni kitu kizuri, nilimsomesha Verediana kwa mpunga huu huu ili aipate. Lakini sitamwacha huyu akunjamane kama Omega.

Nakwambia mapema ili usije ukasema nimekuvamia.

Levina


Ifakara
6 Aprili 2023

Mama Verediana,

Njoo. Chumba cha binti yangu Ilham nimekifagia, nimetandika shuka safi. Umefunga Kwaresima na mimi nimefunga Ramadhani, tutatazamana kwa njaa.

Kuhusu kuonja kwa ulimi, siwezi mchana. Wapo wanaosema kuonja na kutema hakuna neno, lakini mimi nina wasiwasi wangu. Kwa hiyo nadondoshea kiganjani, kama ninavyopima kikaango kabla ya chapati. Kiganja kikisema vuguvugu, ni vuguvugu. Bado anakataa.

Nikuambie jambo ambalo hata mzee sijamwambia. Tangu Muhammad aende Dar na Ilham aolewe, nyumba hii ilikuwa na sauti ya redio tu. Sasa kuna nepi kwenye kamba. Nikiamka nasikia mtoto anajisemesha chumba cha pili, na napika chapati nikiwa na furaha, mimi mtu wa kununa asubuhi. Ukimchukua nitaelewa. Ni damu yako. Lakini nitaumia sana, na sitajua nimlalamikie nani.

Uje salama, na uangalie utelezi pale Kivukoni ukishuka.

Asmahani


Dunguni, shambani
17 Aprili 2023

Dada yangu Asmahani,

Bado nacheka. Niko juu ya dungu na kamba ya kutikisia makopo mkononi, ndege wanashuka, na badala ya kupiga kelele nacheka peke yangu. Jirani yangu ameuliza kama nimepata malaria.

Nikikumbuka ile jioni ya Jumamosi! Verediana yuko kanisani, mtoto analia mgongoni kwangu, wewe unageuza chapati kwa vidole bila hata kijiko, chupa iko kwenye bakuli la maji yanayotoka mvuke. Ukadondoshea kiganjani: "Vuguvugu." Mimi, mwenye maneno yangu ya ulimi, nikaonja: "Safi kabisa." Kumbe mikono yako imeungua kwa chapati mpaka imeacha kusikia moto, na ulimi wangu umezoea chai ya shambani inayonywewa bado inachemka ili mtu apate joto kabla ya kuingia majini. Tungeendelea kumpa mtoto wetu chai mpaka leo, tukilaumu baridi.

Halafu mzee wako akachungulia jikoni kuuliza kama futari iko tayari. Mimi simwogopi mtu, nikamwambia shikamoo na papo hapo nikamwekea chupa mkononi, "Shika hapo mzee, nimfungue mtoto." Tone likamwangukia kwenye kifundo cha mkono. Lile yowe! "Mnataka kumchemsha mtoto wa watu?" Nilidhani anadeka. Nikamshika mkono nikautazama. Dada, mkono wa mwanaume wa umri ule, laini namna ile! Hauna kovu, hauna sugu, hauna hata alama ya kamba. Miaka yote ya "karibu, karibu" nyuma ya mizani.

Na ndiye aliyekaa chini kwenye kigoda, na kanzu yake safi, akaiweka chupa kwenye beseni la maji ya kawaida, akawa anajidondoshea na kungoja, anajidondoshea na kungoja, sisi wawili tumesimama tunamtazama kama wanafunzi. Akasema, "Hapa." Agnella akanywa yote. Hakupumua. Wewe ulilia chapati ikaungua, na mimi nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Nilikuja na kanga mpya ya kumbebea. Nimerudi nayo tupu, na moyo wangu umetulia. Kaa naye.

Levina


Ifakara
25 Aprili 2023

Kwa Mama Verediana,

Baada ya salamu na baraka za Idi iliyopita, ninakuandikia mimi mwenyewe, Tamimu, kwa kuwa naona barua zinapita juu ya kichwa changu na habari zinazonihusu ndani yake.

Napenda kukuarifu kuwa kazi ya kupima maziwa inaendelea. Mke wangu anapasha, mimi napima. Hairuhusiwi chupa kutoka jikoni bila mkono wangu. Nimegundua kwamba ndani ya kifundo cha mkono ndiko mahali sahihi, na kwamba mkono wa kushoto unasikia zaidi kuliko wa kulia. Tone likianguka nisilisikie kabisa, si la moto wala la baridi, hapo ndipo. Nimemweleza nesi Yunis jambo hili na amesema nimepata.

Wateja wengine wananung'unika kwamba nawaacha kwenye mizani na nusu kilo ya sukari haijafungwa. Nimewaambia wangoje. Fulgensi alithubutu kucheka. Nimemwambia anyooshe mkono wake nimpime na yeye, akakataa.

Mwalimu Verediana haji tena mchana. Mwalimu mkuu amemwongezea mkataba na kumpa darasa la tatu. Mtoto ameanza kunitambua. Akiniona nakunja mkono wa kanzu anapiga mateke.

Ahsante kwa kuniwekea ile chupa mkononi.

Tamimu


Ifakara
22 Mei 2023

Dada Levina,

Nina siri, na imenikaa vibaya kifuani kwa sababu mwenye kustahili kuisikia anakohoa pembeni yangu hapa.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha, mkaa wote ukalowa, na gesi ilikwisha nikiwa katikati ya vitumbua. Mzee alikuwa msikitini. Agnella akaamka na njaa yake, unajua hana subira, amerithi kwako. Sikuwa na moto wa kupasha hata kikombe. Nikasimama mbele ya friji nikakukumbuka wewe, nikamkumbuka Omega, nikamkumbuka nesi. Mwishowe nikampa hivyo hivyo, kutoka katikati ya soda.

Akanywa yote. Akanishika kidole, akacheka, kama zamani zile. Tumbo zuri, usingizi mzuri. Siku iliyofuata nikajaribu tena mzee akiwa amekwenda kuchukua mzigo: vile vile. Kwa hiyo nesi alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na sisi tulipigana vita bure.

Sasa nifanye nini? Nikiacha kupasha, mzee atapima nini? Dada, mume wangu ameanza kukata kucha. Anapaka mafuta ya nazi ule mkono wa kushoto kabla ya kulala, usikauke. Zamani mchana ulikuwa unapita hatusemi neno, yeye dukani, mimi jikoni. Sasa kila chupa anaingia, anakaa kwenye kigoda, tunangoja maziwa yafike pake, na tukiwa tunangoja tunazungumza. Juzi alinieleza mambo ya utoto wake Kilwa ambayo sikuwahi kuyasikia tangu anioe. Nikimwambia haihitajiki, nani atamwita jikoni?

Kwa hiyo napasha. Gesi inakwisha haraka na ninapasha maziwa yasiyohitaji kupashwa. Niambie kama nimepata wazimu.

Asmahani


Shambani
10 Juni 2023

Dada yangu Asmahani,

Hujapata wazimu. Kama ni wazimu, mimi ndiye niliyekutangulia.

Unakumbuka Jumatatu ya Pasaka ulipokwenda kumjulia hali mgonjwa, Verediana yuko sokoni, na mzee amelala mchana? Agnella aliamka. Mimi jiko lako la gesi naliogopa, linawaka kwa kishindo. Nikafungua friji. Nilikaa naye mlangoni nikamshika tumbo muda wote anaokunywa, nikingoja ligeuke gumu. Halikugeuka. Alimaliza, akatoa hewa, akanitapikia kidogo begani, akalala. Nilikaa pale na ile chupa tupu mpaka uliporudi. Nilitaka kukuambia. Lakini nilikuwa nimekuja na maneno mengi, dada, na wewe uliingia ukakimbilia kupasha chupa ya jioni kwa sababu yangu mimi. Nikameza aibu yangu na futari yako.

Na kuhusu Omega, nimelitua lile jambo. Nimelibeba kila palizi, na safari hii nimevuna bila kulibeba.

Mzee usimwambie, na gesi usiionee uchungu. Mtoto akishiba baridi ni sawa, akishiba vuguvugu ni sawa, lakini mtu anayekaa kwenye kigoda akakuzungumzisha hapatikani kila siku. Endelea kupasha.

Tena kazi yake haijaisha, maana mtoto ametimiza umri wa uji. Mpunga wetu tumeshaupiga, uko kwenye magunia, na mchele wa kwanza nimeutenga kwa ajili ya uji wa Agnella. Njooni Mofu wote, wewe, Verediana na mtoto, shule zikifungwa. Nitaupika mwenyewe kwenye moto wa kuni, na unajua uji wangu unavyokuwa, na unajua ulimi wangu. Nimeshamwandalia mzee kigoda karibu na jiko. Mwambie asisahau mkono wa kushoto.

Dada yako,
Levina